Aliye Hai Anasogezwa Karibu

Mimi Sadoki, niliyekuwa fundi wa video pale studio ya Hamisi, Mpanda mjini, sijafa. Naanza na hilo kwa sababu wapo watu mpaka leo wakiniona njiani wanahama upande wa barabara. Juzi mama mmoja anayeuza nyanya sokoni alimshika mke wangu mkono akamwambia, "Pole sana mama Neema, Mungu ndiye anajua." Mke wangu akamuuliza, "Pole ya nini? Nimemwacha nyumbani anakula kiporo." Yule mama akamtazama kwa huruma zaidi, akamwongezea nyanya.

Waliosababisha haya nawajua na nitawataja kwa majina. Jofrey na Happy, nyie mliobaki studio, ndio wa kwanza, na ndio ninaowaandikia. Niliishia darasa la tano pale Ilembo, kwa hiyo mkikuta neno limekaa vibaya lirukeni mwendelee. Mshahara sitauzungumzia, haukuwa wa kuzungumzwa. Vyeo havikuwepo. Nitawaeleza kazi ilivyokuwa, halafu mtaelewa kwa nini ile video ya kuniaga mliyoitengeneza nataka muifungue tena, muirekebishe, muitume upya kwa kila mtu mliyemtumia. Sitaki keki nyingine. Nataka mnirudishe.

Picha zangu zote mle ndani mmezipeleka nyuma. Nimesimama na kamera, narudi nyuma. Nimekaa na mama Neema siku ya harusi yetu, narudi nyuma, yeye naye namvuta. Mpanda hii mtu mzima yeyote anajua picha ikirudi nyuma maana yake ni nini. Nyie hamjui kwa sababu mlikuja na simu zenu mkakuta sheria imeshazoeleka, hamkuuliza nani aliiweka. Niliiweka mimi pamoja na bibi mmoja wa Misunkumilo.

Niliingia studio nikitokea kubeba zege. Hamisi Bushiri alikuwa na duka la vitenge, na nyuma ya duka, palipokuwa stoo, akaweka kompyuta moja, skana moja, na Deo. Deo alitoka Tabora. Alivaa miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha. Hamisi aliniuliza, "Wewe kompyuta unaijua?"

"Naijua kwa sura."

"Basi fagia."

Nikafagia. Nikawa nafagia polepole karibu na kiti cha Deo, nakodoa macho. Deo hakuwa mchoyo wa kufundisha, hilo lazima niseme kabla sijaanza kumsema mengine. Alinionyesha jambo la kwanza la kazi yetu, kwamba picha ya kawaida ukiiweka kwenye video ikakaa tu, watu wanadhani CD imekwama. Wanainuka wanaipiga TV makofi. Tumeshalaumiwa kwa TV ya mtu iliyopasuka kioo Kasokola kwa sababu ya picha ya bibi harusi iliyokaa bila kucheza. Kwa hiyo picha lazima itembee. Ama unaanza mbali unasogea kwenye uso, ama unaanza kwenye uso unarudi mbali, ama unapita kutoka huku kwenda kule kama mtu anayekagua gwaride.

Maneno ya ile programu yalikuwa ya Kizungu, sikuyajua hata moja. Nilikariri rangi. Boksi la kijani ndipo jicho linapoanzia, boksi jekundu ndipo linapoishia, na kompyuta yenyewe inatembea katikati. Ukitaka kusogea, la kijani linakuwa kubwa na jekundu dogo. Ukitaka kurudi, kinyume chake. Nilifanyia mazoezi picha ya Hamisi amesimama mlangoni pa duka. Nilimpandisha taratibu kuanzia kiatu mpaka kofia. Hamisi alipojiona akasema hajawahi kuwa mrefu hivyo, akamwambia Deo, "Huyu asifagie tena."

Siku zile umeme wa Mpanda ulikuwa wa jenereta, na jenereta lilikuwa na tabia zake. Unamaliza kupanga picha, unaiambia kompyuta iipike video, unakwenda kunywa chai. Ukirudi unakuta chumba kimya na kioo cheusi. Unaanza upya. Mimi nywele zangu hazikung'oka kwa uzee, ziling'oka kwa jenereta lile. Nyie mnabonyeza mara moja mnapata video mkiwa chooni, halafu mnalalamika kwamba bando limeisha.

Sasa nifike Misunkumilo. Kulikuwa na fundi mwashi anaitwa Gervas, akafariki. Familia ikataka video ya picha zake ionyeshwe siku ya kumaliza matanga, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza kuifanya mwenyewe. Picha nzuri ya Gervas ilikuwa moja tu, ile ya kitambulisho, ameshtuliwa na taa ya kamera, macho yamemtoka. Nikaona nimpe heshima. Nikaweka boksi kubwa la kijani, dogo jekundu katikati ya macho, nikamwambia Deo atazame. Deo akasema, "Safi. Msogeze mpaka mwisho."

Tulipofika, TV ile ya chogo imewekwa uani juu ya meza, watu wamejaa. Asubuhi ya siku hiyo walikuwa wamegawana nguo za marehemu kama desturi ilivyo. Mdogo wake alikuwa ameshavaa koti lake, amekaa mstari wa mbele, amejiweka sawa. Video ikaanza. Gervas akatokea mbali, macho yamemtoka. Akaanza kuja. Akaja.  Akaendelea kuja, hapepesi, anamtazama mdogo wake.

Mdogo mtu akafungua kifungo cha kwanza. Akafungua cha pili. Gervas alipofika kujaza kioo chote, koti lilikuwa chini, na mwenye kulivaa yuko nje ya ua na singlendi. Na hapo ndipo mama yake Gervas, bibi mmoja mfupi mwenye sauti kubwa, alipoinuka na sahani mkononi akasimama mbele ya TV.

"Gervas! Rudi! Rudi huko huko mwanangu, huku tumeshagawana!"

Walizima TV kwa kuvuta waya. Deo alikuwa wa kwanza kufika kwenye baiskeli.

Kesho yake asubuhi yule bibi alikuja studio peke yake. Nilitaka kutoka kwa mlango wa nyuma, lakini Deo alikuwa ameshaupita na kuufunga kwa nje. Bibi akakaa kwenye kiti cha Deo. Hakuwa na hasira.

"Mjukuu wangu, wewe ndiye ulimleta?"

"Ndiyo, bibi."

"Umemleta vizuri. Nilimuona mpaka kovu lake la kidevuni. Lakini mtu akishakufa haletwi. Unamleta umuweke wapi? Anaanza hapa karibu, tunamuona, halafu mnamwacha anaenda. Polepole. Tumpungie."

Nikageuza maboksi palepale mbele yake. Dogo likawa la kijani, kubwa likawa jekundu. Gervas akaanza karibu, macho yake yaleyale, lakini safari hii anakwenda. Bibi akainua mkono akampungia mpaka alipokuwa mdogo kama kiganja. Akafuta uso kwa kanga, akaniambia nimwongezee muda kidogo mwishoni, asiondoke kama anayefukuzwa. Nimewahi kufundishwa kazi na watu wawili tu katika maisha yangu, na huyo alikuwa wa pili.

Tangu hapo ikawa sheria ya studio. Marehemu anarudi nyuma, aliye hai anasogezwa. Ikiwa wako kwenye picha moja, unaanza kwa marehemu unaishia kwa aliye hai. Ukianza kwa aliye hai ukaishia kwa marehemu, umemwonyesha njia, na familia itakuja kukuuliza. Mwendo usianze ghafla, wala usikome kama pikipiki iliyogonga mti. Na usisogeze picha ndogo kupita uwezo wake, uso unageuka matofali, mtu anabaki miraba mitupu. Hayo yote simu zenu hazijui.

Mji ukaizoea sheria mpaka wateja wakawa wanatuamuru. "Baba mumrudishe taratibu, mwaka jana shangazi mlimkimbiza." Dada mmoja wa Ilembo aliachana na mumewe, akaleta picha ya harusi akitaka yeye asogezwe na mume arudishwe, kwenye picha hiyohiyo moja. Nilimwambia kompyuta haiwezi. Akasema, "Kumbe na yenyewe inamuonea huruma!" Mgombea mmoja naye alitaka tumtengenezee video ya mpinzani wake, picha moja tu, inarudi nyuma polepole. Hamisi akakataa. Hamisi alikuwa mwoga wa kila kitu isipokuwa kutuchelewesha kurudi nyumbani.

Kesi ngumu kuliko zote ilikuwa harusi ya Masunga, na hapa Deo, popote ulipo, funga mkanda.

Masunga alikuwa mjukuu wa Mzee Luhende, ambaye ukoo wote ulimwita guku, yaani babu, mfugaji wa Kasokola aliyehama zamani kutoka Usukuma na ng'ombe zake. Alikuwa mzee mrefu, mwenye kofia ya pama na fimbo, macho yameanza kumpungukia lakini kila ng'ombe wake alimtambua kwa mlio. Mpango ulikuwa hivi: ukumbini ionyeshwe video ya picha za ukoo, halafu Mzee Luhende asimame, abariki ndoa na kumtajia mjukuu ng'ombe anaompa. Bila maneno yake hakuna kitakachoendelea, wala keki, wala chakula. Kila mtu ukumbini alijua hilo, na mtoto wake mkubwa, Mabula, alilijua kuliko wote, maana ndugu walikuwa wanamsema chinichini kwamba anasubiri kugawa zizi.

Deo ndiye aliyepanga picha. Ya kwanza ilikuwa ya bibi yake Masunga, marehemu, na Deo akamrudisha nyuma vizuri kabisa, taratibu, mwisho anafifia kwenye mwanga mweupe. Sikatai, ilipendeza. Lakini siku hiyo Deo alikuwa na mechi ya kutazama. Programu ile ilikuwa na njia ya mkato: unachukua mwendo wa picha moja unaubandika kwenye picha zote zinazofuata. Akaubandika. Akachelewa hata hivyo, ikabidi tuibebe kompyuta yenyewe mpaka ukumbini, na kioo chake, tuiunganishe na projekta. Nikamuuliza, "Umezikagua?" Akasema, "Sadoki, wewe endesha tu."

Nikaendesha. Bibi akaonekana ukutani, akarudi nyuma, akafifia. Watu wakapunga mikono, wengine wakafuta macho. Ikaja picha ya Mzee Luhende. Nikaona uso wake mkubwa ukutani nikasema moyoni, mbona anaanza karibu? Na hapohapo akaanza kuondoka.

Akarudi nyuma. Akawa kama mtu aliye ng'ambo ya barabara. Akawa mdogo kama mbuzi. Akaingia kwenye mwanga mweupe akafifia.

Nyuma ya ukumbi shangazi mmoja aliyesafiri kutoka mbali akapiga ukelele. "Mayo! Guku kafa lini na hamkuniambia?" Wengine wakamfuata. MC, kijana mmoja aliyekuwa anasherehesha misiba na harusi wiki hiyohiyo, hakutazama meza ya mbele hata kidogo. Kazoea. Akashika kipaza sauti akasema, "Ndugu zangu, tusimame wote, tumkumbuke mzee wetu kwa dakika moja ya ukimya."

Ukumbi wote ukasimama. Na Mzee Luhende naye akasimama. Akavua kofia, akaiweka kifuani, akainamisha kichwa. Macho hayakuwa yamemwonyesha ni nani aliyeondoka. Baada ya muda akamwinamia Masunga, lakini kwa ule ukimya tulimsikia wote.

"Ni nani huyo tunamlilia?"

Masunga akamjibu, "Ni wewe, guku."

Mzee akavaa kofia. Akakaa. Mimi mkono uko kwenye mausi na jasho linanitoka. Nikageuka kumtafuta Deo nikaona pazia la mlango wa nyuma linacheza.

"Nani kaniondoa?" akauliza mzee.

 Macho ya ukoo mzima yalikwenda kwa Mabula, kama upepo umeyasukuma.

"Mnaniangalia nini?" Mabula akasema. "Mimi hata kuwasha kile kitu sijui! Baba, ni kompyuta imekosea."

"Kompyuta inanijua mimi?"

"Haikujui, baba."

"Inajua nina ng'ombe?"

"Haijui."

"Kwa hiyo wewe ndiye unayejua."

"Baba!"

Shangazi wa nyuma akadakia, "Mwacheni ajitetee, tusikie!" Bibi harusi alikuwa ameanza kulia kweli, na wanja ulikuwa unashuka. Wazee wa upande wake walikuwa wananong'onezana kwamba binti yao hawezi kuolewa kwenye nyumba yenye msiba, na mmoja alishaanza kutafuta viatu vyake. Masunga akaja mezani kwangu. Alikuwa na suti nyeupe na uso wa mtu anayetaka kuivua.

"Fundi, fanya kitu. Bila guku mimi sina harusi."

Nikasimama. Sauti ilitoka yenyewe. "Mzee, ni sisi tumekosea, si Mabula. Ni fundi mwenzangu anaitwa Deo, katoka kwa mlango huu hapa. Naomba nikurudishe."

Mzee Luhende akageuza fimbo. "Unaweza?"

"Naweza."

"Mbele ya watu wote walioniona nikiondoka?"

"Mbele yao."

"Haya. Nilete."

Nikaifungua picha yake. Ilikuwa picha ndogo, imekatwa kutoka kwenye picha ya mkutano wa wafugaji, uwezo wake wa kusogezwa ulikuwa mdogo sana. Nikaweka boksi kubwa la kijani, jekundu kwenye uso. Mzee akatokea ukutani mdogo mdogo, akaanza kuja. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele cha majaribio.

"Nimefika?" akauliza mzee.

"Umefika, guku," wakamjibu.

"Mimi sijioni. Zaidi."

Nikapunguza boksi. Akasogea tena, kingo za uso zikaanza kukatika katika.

"Zaidi."

"Mzee, picha itakuwa matofali."

"Ng'wanawane, mwanangu, umeniondoa mpaka mwisho. Nirudishe mpaka mwisho."

Nikapunguza boksi mpaka likabaki kwenye pua na macho. Ukuta mzima ukawa miraba ya kahawia. Kwa karibu huoni kitu. Lakini mzee alikuwa kakaa mbali kidogo, na macho yake yale mabovu yakaikusanya ile miraba pamoja. Akanyanyuka, akanyoosha fimbo kuelekea ukutani.

"Hapo! Ndiyo huyo. Huyo ni mimi. Usiniondoe tena hapo."

Vigelegele vilivyopigwa nilivisikia masikioni mpaka nalala. Mzee akabariki ndoa, akamtajia Masunga ng'ombe wake mmoja mmoja, na rangi zao, na mama zao. Akamaliza kwa kumwambia Mabula mbele ya watu wote, "Na wewe subiri. Nimerudi." Watu walicheka mpaka Mabula mwenyewe akacheka. Tulikula pilau ile yote chini ya pua ya Mzee Luhende, maana hakuruhusu nizime. MC alinifuata akataka nimsaidie kueleza ilikuwaje. Nilimwambia, "Kula."

Deo alirudi baada ya siku kadhaa na miwani yake, akaniuliza mechi niliionaje. Baadaye alihama, nasikia ana studio yake mji mwingine. Huko naye awarudishe watu nyuma, dhambi ni zake.

Baada ya harusi ile ilianza kazi nyingine ambayo sikuitafuta. Mzee Luhende akawa anasema kwenye kila mnada kwamba ana afya kwa sababu alisogezwa. Watu wakaanza kuja. Mtu ana mama yake kalazwa, analeta picha, "Fundi, msogeze kidogo." Nilikuwa nawaambia wazi, hii si dawa, ni maboksi mawili, la kijani na jekundu. Wanasema tunajua, wewe sogeza. Nikawa nasogeza. Wengine walipona, wengine walirudi na picha ileile nikageuza maboksi. Kazi hiyo sikuwahi kuibandika njia ya mkato.

Halafu simu zikaja. Hamisi alikuwa wa kwanza kunigeuka, na namtaja. Alinionyesha simu yake akasema, "Sadoki, ona, inatembeza picha yenyewe." Nikamuuliza inaelekea wapi. Akasema popote inapopenda. Kompyuta yangu ikahamia chini ya meza ikawa ya kuwekea chupa za soda. Mkaja nyie, Jofrey na kofia yako iliyogeuzwa, Happy na kucha zako, wepesi, wasikivu kwa wateja, sina neno. Nami mgongo ukawa umekataa kiti na macho yamekataa kioo. Nikaaga.

Mkanifanyia keki. Mkanikalisha kwenye kiti cha mbele na soda mkononi. Jofrey ukasema, "Mzee, tumekuchagulia mtindo mtulivu." Nikaonekana karibu, nikaanza kuondoka. Picha ya kwanza nikadhani bahati mbaya. Ya pili mama Neema akanishika mkono. Ya tatu nikamwona Hamisi, ambaye ni mzee sasa na sheria anaijua, anavua kofia yake taratibu. Nyie mlikuwa mnapiga makofi. Halafu mkaiweka kwenye stetasi, kabla sijamaliza soda ilikuwa imefika Kasokola.

Walianza kufika nyumbani. Wa kwanza alileta mchele, aliponikuta mlangoni akasema amekosea nyumba, akaondoka nao. Jumamosi ikasimama pikipiki. Aliyeendesha ni Masunga, ana kitambi sasa na watoto. Nyuma kabebwa Mzee Luhende, kofia ileile, amekuwa mwepesi kama kuku. Na kwa mbali barabarani, kwa miguu, anakuja Mabula, naye mzee sasa, anaswaga dume jeusi la ng'ombe, la kuchinja msibani.

Mzee akashushwa, akasimama mlangoni kwangu, macho hayaoni tena isipokuwa mwanga.

"Wafiwa, poleni sana. Tumekuja kumlilia fundi."

"Karibu, guku," nikasema.

"Asante. Una sauti kama ya marehemu. Wewe ni mdogo wake?"

"Ni mimi mwenyewe, guku."

 Akanyoosha mkono akanishika uso, paji, pua, kidevu.

"Wamekuondoa?"

"Wameniondoa."

"Nani?"

"Vijana wa kazini."

"Wana shida gani na wewe?"

"Hawana shida. Simu ndiyo ilichagua."

"Simu inakujua?"

"Hainijui."

"Sasa mbona umekaa hapa? Twende ukarudishwe."

Hayo mengine mliyaona, lakini wale mliowatumia video hawakuyaona, ndiyo maana nayaandika. Tuliingia studio wote, na dume likafungwa kwenye nguzo ya duka la vitenge, Hamisi analia kwamba litakula majora. Jofrey uliniambia, "Mzee, si useme tu, tulikuwa hatujui." Nilikujibu vibaya, sikumbuki nilisema nini, lakini najua kilikuwa kibaya. Happy ndiye uliyekaa. Mtindo ukaukataa, ukanyoosha picha yangu kwa vidole vyako mwenyewe. Nikatokea kwenye TV kubwa, mdogo, na kamera begani. Nikaanza kuja.

"Kafika?" Mzee Luhende akauliza kutoka kwenye kiti.

"Amefika, babu," Happy ukasema.

"Mimi simuoni. Zaidi."

Ukasogeza.

"Zaidi, mayu, mama yangu."

"Babu, nikiongeza inaharibika. Inakuwa matofali tu."

"Picha iharibike. Mtu abaki. Zaidi."

Ukasogeza mpaka TV nzima ikawa miraba ya kahawia. Hakuna mtu mle ndani aliyejua kile ni jicho au ni pua. Mama Neema akaangua kicheko. Mabula akasema kule nyuma, "Hata mimi sijawahi kuwa mbaya hivyo." Mzee Luhende akaegemea mbele, mikono yote miwili juu ya fimbo, akakaza yale macho yake kwenye mwanga, kwa muda mrefu, mpaka nikaogopa kwamba safari hii hataona.

"Hapo," akasema. "Ndiyo huyo. Mwacheni hapo."

Basi itumeni hiyo. Kwa wote, na kwa yule mama wa nyanya. Dume tumelila.